Namna kifaa cha nyuzi za kaboni kinavyoumbwa na kuivishwa

Fundi anayetengeneza kifaa cha alumini hununua bamba ambalo tayari ni alumini. Ugumu wake, uzito wake na mzigo linaoweza kuubeba vimekwisha kupimwa kiwandani na kuandikwa kwenye cheti kabla halijafika karakanani. Kazi ya fundi ni kulikata, kulikunja, kulitoboa na kuliunganisha. Anaweza kuharibu umbo, lakini ni vigumu kwake kuiharibu alumini yenyewe.

Kwa nyuzi za kaboni mambo ni kinyume kabisa. Kinachofika karakanani ni marobota ya kitambaa cheusi kinachopeperuka kwa upepo wa feni, pamoja na ndoo za majimaji yanayonata. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachoweza kubeba bawa la ndege. Ile mali ngumu na nyepesi inayosifiwa kila mahali bado haipo. Inapatikana saa ileile kifaa kinapopatikana, ndani ya kalibu, kwa saa chache za joto na mgandamizo. Anayeunda kifaa ndiye huyohuyo anayeunda mali yenyewe. Mtu akilishika jambo hili, karibu kila utaratibu wa kazi hii utamwelea, kuanzia friza za kuhifadhia kitambaa hadi mitungi mikubwa inayomeza kipande kizima cha mwili wa ndege.

Uzi na kazi ya resini

Sehemu kubwa ya nyuzi za kaboni duniani huanza zikiwa nyuzi za plastiki iitwayo poliakrilonitrili, jamii moja na akriliki inayofumiwa sweta. Nyuzi hizo hupitishwa kwanza kwenye tanuri lenye hewa ya kawaida, katika joto la kati ya sentigredi 200 na 300, zikiwa zimevutwa ili zisijikunyate. Hapo molekuli zake hujifunga kwa namna ambayo haziwezi kuyeyuka tena. Kisha huingia kwenye tanuri la pili lililojaa gesi ya naitrojeni, ambamo hamna oksijeni ya kuziunguza, na joto hupandishwa kupita sentigredi 1,000. Karibu kila kitu kisicho kaboni hutoka kama gesi, na uzito hupungua kwa takriban nusu. Mwanasayansi Akio Shindo wa Osaka, Japani, aliionyesha njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watafiti wa Farnborough, Uingereza, waliiboresha katika muongo huohuo, na mwaka 1971 kampuni ya Toray ikaanza kuzalisha nyuzi hizo kibiashara.

Uzi mmoja una kipenyo cha maikromita 5 hadi 7, hivyo nyuzi kumi zikilazwa sambamba hutoshea katika upana wa unywele mmoja. Huuzwa kwa mafungu ya nyuzi 3,000, 12,000, 24,000 au hata 50,000. Uzi wa daraja la kawaida kama T300 wa Toray huhimili mvuto wa takriban megapaskali 3,500 (megapaskali ni kipimo cha nguvu inayobebwa na kila eneo), na gramu zake ni 1.76 tu kwa kila sentimita ya ujazo, yaani chini ya robo ya uzani wa chuma.

Hata hivyo, fungu la nyuzi ni kama kamba: ukilivuta linabeba, ukilisukuma linajikunja. Hapa ndipo resini inapohitajika, yaani yale majimaji yanayonata ambayo baadaye huwa magumu, na mara nyingi ni ya aina ya epoksi. Yenyewe ni dhaifu mno ikilinganishwa na uzi, lakini ina kazi tatu ambazo uzi hauziwezi. Inauzuia kila uzi usijipinde unapobanwa. Inauhamisha mzigo kutoka uzi mmoja hadi wa jirani, hasa pale mmoja unapokatika. Na inayashikamanisha matabaka yasiteleze moja juu ya jingine. Kifaa kilichotengenezwa vizuri huwa na nyuzi kiasi cha asilimia 60 ya ujazo wake, na resini asilimia 40. Resini ikizidi, kifaa kinakuwa kizito bila faida. Ikipungua sana, nyuzi nyingine hubaki kavu, na uzi mkavu hausaidii kitu.

Mwelekeo nao ni jambo la kwanza kuzingatiwa. Tabaka lenye nyuzi zote zilizolala upande mmoja, likivutwa kwa kufuata nyuzi, laweza kuhimili megapaskali 1,500 au zaidi. Livute kwa kukingama, nalo laweza kupasuka kwenye 50 hivi, kwa sababu hapo hakuna uzi unaobeba chochote, ni resini peke yake. Kwa hiyo mhandisi hupanga matabaka kwa pembe tofauti. Baadhi hulala digrii sifuri kufuata mzigo mkuu, mengine digrii 45 kulia na kushoto kuzuia kusokoteka, mengine digrii 90. Mpangilio huo huwa na ulinganifu: tabaka la juu kabisa linafanana na la chini kabisa, la pili toka juu na la pili toka chini, hadi kukutana katikati. Usipofanya hivyo, bamba litapindika lenyewe litakapopoa, bila kuguswa na mtu.

Kazi ya kulaza matabaka

Kalibu husafishwa, hupakwa dawa ya kuzuia kunata, kisha matabaka hulazwa moja baada ya jingine. Njia ya zamani na rahisi kuliko zote ni kulaza kitambaa kikavu na kukipaka resini kwa brashi na rola. Inafaa kwa boti ndogo na matengenezo ya kawaida, lakini kiasi cha resini hutegemea mkono wa fundi, na mikono miwili haifanani.

Viwanda vya ndege na magari ya mashindano hutumia zaidi kitambaa ambacho kimekwisha kunyweshwa resini kiwandani kwa kipimo kamili. Mafundi hukiita pripregi. Resini iliyomo tayari imechanganywa na kigumishi chake, kwa hiyo mmenyuko umekwisha kuanza, ila unakwenda polepole mno. Ndiyo sababu pripregi huhifadhiwa kwenye friza, kwa kawaida sentigredi 18 chini ya sifuri, na kila robota huwa na daftari la saa ambazo limekaa nje. Robota likitolewa halifunguliwi papo hapo. Huachwa ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka lifikie joto la chumba, kwa sababu likifunguliwa likiwa baridi, unyevu wa hewani hutua juu yake, na maji hayo tutakutana nayo tena mbele, yakiwa adui.

Ulazaji wenyewe unaonekana rahisi kwa anayetazama, lakini kasoro nyingi huingia hapa. Kwenye kona ya ndani, kitambaa kikivutwa kidogo tu hukata njia ya mkato. Hakishuki hadi kwenye pembe ya kalibu, bali huning'inia na kuacha pengo nyuma yake. Kwenye umbo lenye mviringo wa pande mbili, kitambaa hukunjamana, na mkunjo uliofunikwa na matabaka kumi hauonekani tena kwa macho. Uzi uliopinda kwa digrii chache tu hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuhimili mbano, kwa sababu tayari umeanza safari ya kujikunja. Kila baada ya matabaka machache, kazi hufunikwa kwa nailoni na kufyonzwa hewa kwa dakika kadhaa ili matabaka yashikane. Ni hatua inayochosha, na wenye haraka hutamani kuiruka. Hakuna hatua ya baadaye inayoweza kuifidia.

Katika ndege kubwa, mashine hufanya sehemu ya kazi hii. Kichwa cha roboti hulaza tepe nyembamba nyingi kwa pamoja, kikizipasha moto kidogo na kuzikandamiza kinapopita. Vipande vya mwili wa Boeing 787, ambayo takriban nusu ya uzito wake ni mali za aina hii, hulazwa hivyo kuzunguka kalibu inayogeuka, hadi kinapatikana kipande kizima cha mviringo kisicho na mshono wa kwenda urefu wake.

Kinachotokea ndani ya resini

Sasa tufike kwenye kiini. Epoksi ni molekuli fupi zenye ncha zinazopenda kuungana na molekuli za kigumishi. Kila ncha ya epoksi inahitaji mwenzake mmoja upande wa pili. Hivyo kipimo cha mchanganyiko ni hesabu ya jozi, na kigumishi si kiungo cha kuongeza kasi. Wapo wanaozidisha kigumishi wakidhani epoksi itaganda upesi, pengine kwa kuwa wamezoea resini ya poliesta, ambayo kichocheo chake kikiongezwa kidogo kweli huharakisha. Kwa epoksi, kinachozidi hukosa mwenzake, hubaki ndani kama uchafu laini, na kifaa hakikomai kamwe.

Joto linapopanda, mambo mawili yanayopingana hutokea. Kwanza, resini inakuwa nyepesi kama majimaji mengine yote yanavyofanya yakipashwa moto. Mnato wake hushuka, nayo hutiririka na kuingia katikati ya nyuzi. Pili, molekuli zake zinaungana kwa kasi zaidi na zaidi. Kanuni ya mkono ya wakemia ni kwamba kila sentigredi 10 zinazoongezeka, kasi ya mmenyuko huongezeka kama mara mbili. Mwanzoni wepesi unashinda. Baada ya muda minyororo ya molekuli inarefuka, inashikana pembeni, na mnato unageuka na kuanza kupanda. Kati ya kushuka na kupanda huko upo muda ambao resini ni nyepesi kuliko wakati mwingine wowote. Muda huo ndio pekee ambao hewa inaweza kutoka, resini inayozidi inaweza kuondoka na matabaka yanaweza kukaa sawasawa. Ratiba nzima ya joto hupangwa kwa kuulenga.

Kisha huja hatua ya kuganda. Kwa ghafla kiasi, minyororo iliyotapakaa huungana kuwa wavu mmoja uliotanda kifaa kizima. Resini haitiririki tena. Bado ni laini, na bado ina ncha nyingi zisizopata wenzake, lakini umbo limefungwa. Kiputo kilichokuwapo kimebaki humo, na mkunjo uliokuwapo umebaki humo. Tangu dakika hiyo, kuongeza mgandamizo hakusaidii chochote.

Baada ya kuganda, kukomaa kunaendelea, na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kila resini ina kiwango cha joto ambacho chini yake ni ngumu kama kioo na juu yake inalegea kama mpira. Kadiri wavu unavyozidi kushikana, ndivyo kiwango hicho kinavyopanda. Tuseme unaivisha kifaa kwenye joto la chumba. Kiwango hicho kinapanda, kinapanda, hadi kinalifikia na kulipita kidogo joto la chumba. Hapo resini inakuwa kioo, molekuli zinakosa nafasi ya kusogea, na mmenyuko unakaribia kusimama ingawa ncha nyingi bado hazijapata wenzake. Kuiacha mezani wiki nzima zaidi hakubadilishi mengi. Dawa yake ni kuipasha moto tena, taratibu, ili molekuli zipate kusogea na kumalizia kazi.

Matokeo yake kwa mtumiaji ni makubwa. Epoksi nyingi zilizoiva kwenye joto la chumba peke yake huanza kulegea kwenye sentigredi 50 hadi 70. Kifaa cheusi kilichoachwa juani kinaweza kulifikia joto hilo, na kikiwa kimebeba mzigo kitapinda. Kwa upande mwingine, resini za ndege zilizoivishwa kwenye sentigredi 180 hubaki ngumu mpaka karibu 200 zikiwa kavu. Nasema zikiwa kavu kwa sababu epoksi hunywa unyevu wa hewani miaka inavyopita, na unyevu huo hushusha kiwango chake kwa makumi ya sentigredi. Wahandisi makini hupanga kwa kufuata hali hiyo ya baadaye, si ile ya siku kifaa kinapotoka kwenye kalibu.

Kuna hatari moja zaidi. Muungano wa epoksi hutoa joto lake wenyewe. Katika bamba jembamba joto hilo hupotelea kwenye kalibu na hewani. Katika kifaa kinene halina pa kwenda. Katikati panapata moto kuliko nje, moto unaongeza kasi ya mmenyuko, na mmenyuko unaongeza moto. Ndoo ya epoksi iliyochanganywa na kusahaulika mezani inaweza kuanza kufuka moshi kwa sababu hiyohiyo. Ndiyo maana ratiba ya kuivisha kifaa kinene hupanda polepole, pengine sentigredi 1 au 2 kwa dakika, kisha husimama njiani kwa saa moja hivi kwenye joto la kati ili mmenyuko wa kwanza upite kwa utulivu. Baadaye ndipo joto hupandishwa hadi 180 na kukaa hapo kama saa mbili. Vipimajoto huwekwa sehemu mbalimbali za kifaa na kalibu, na saa huanza kuhesabiwa sehemu inayochelewa kuliko zote inapofikia joto linalotakiwa.

Viputo, na sababu ya mgandamizo

Watu wengi wanaposikia kwamba kifaa hukandamizwa wakati wa kuiva, hudhani lengo ni kuyashindilia matabaka. Hilo ni sehemu tu. Lengo kubwa ni viputo.

Viputo vina asili mbili. Kuna hewa iliyonaswa kati ya matabaka yalipolazwa, na kuna maji. Resini isiyoiva hufyonza unyevu wa chumba, na unyevu huo umeyeyuka ndani yake, hauonekani. Joto likipanda, maji yanataka kuwa mvuke. Kwenye sentigredi 120 mvuke wa maji una mgandamizo wa karibu ba 2 (ba 1 ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa ya kawaida), na kwenye 180 ni karibu ba 10. Unyevu ulio ndani ya resini hausukumi kwa nguvu yote hiyo, husukuma kwa sehemu inayolingana na unyevunyevu wa chumba kazi ilipofanyika. Lakini hata nusu ya ba 10 ni ba 5. Kama resini bado ni majimaji na mgandamizo ndani yake ni mdogo kuliko huo, mvuke unafungua viputo na kuvikuza. Kama mgandamizo ndani ya resini ni mkubwa zaidi, maji hubaki yameyeyuka, hakuna kiputo, na resini inaganda ikiwa safi.

Hapo ndipo otoklevu inapojieleza. Kifaa kikiwa juu ya kalibu yake hufunikwa kwa mpangilio maalumu. Kuna kitambaa cha kubandua, utando wenye vitundu vya kupitisha resini inayozidi, blanketi la kupitishia hewa, na juu kabisa mfuko wa nailoni uliozibwa kando kwa utepe wa kunata. Pampu inafyonza hewa yote ndani ya mfuko. Ombwe peke yake huleta mgandamizo wa hewa ya kawaida tu, yaani ba 1 isiyozidi. Otoklevu, ambayo ni tanuri ndani ya mtungi mzito wa chuma, huongeza ba 6 au 7 kutoka nje ya mfuko. Kwa kawaida hujazwa naitrojeni, maana hewa yenye oksijeni ikishindiliwa na kupashwa moto pamoja na nailoni na resini ni mwaliko wa moto.

Jambo moja hapa linastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa limewasumbua hata wenye uzoefu. Geji ya otoklevu husoma mgandamizo wa gesi iliyomo mtungini, lakini kinachozuia viputo ni mgandamizo uliomo ndani ya resini, na hivi viwili si kitu kimoja. Resini ikiondoka kupita kiasi kupitia vitundu vya utando, nyuzi hukaribiana na kuanza kuubeba mzigo zenyewe, uzi juu ya uzi. Resini iliyobaki katikati yake inapumzika, mgandamizo wake unashuka, na viputo vinakua wakati geji bado inaonyesha ba 7. Ni hivyohivyo kwenye kona ya ndani ambapo kitambaa kilining'inia. Nyuzi zilizokazika zinaubeba mgandamizo wote, na nyuma yake resini haisukumwi na kitu. Ndiyo sababu pripregi nyingi za siku hizi hutengenezwa na kiasi kamili cha resini, na kinachohitajika ni kuizuia isitoke.

Hasara ya viputo inapimika. Kila asilimia moja ya ujazo inayokuwa viputo hupunguza kwa asilimia kadhaa uwezo wa matabaka kustahimili kuteleza moja juu ya jingine, na viwanda vya ndege kwa kawaida havikubali zaidi ya asilimia 1 au 2.

Otoklevu ni ghali kununua na ghali kuendesha, na ukubwa wake unaweka mpaka wa ukubwa wa kifaa. Kwa hiyo zimebuniwa pripregi za kuiva kwenye oveni ya kawaida kwa ombwe tupu. Siri yake ni kwamba kitambaa hakinyweshwi resini kikamilifu. Katikati ya kila tabaka hubaki njia kavu, na hewa hutoka kupitia njia hizo hadi kingoni mwa kifaa kabla resini haijalainika na kuziziba. Zinafanya kazi vizuri, kwa sharti kwamba ufyonzaji usiharakishwe na mfuko usivuje hata kidogo.

Njia nyinginezo

Siyo kila kifaa hupitia pripregi. Ganda la boti au kifuniko kikubwa chaweza kulazwa kwa kitambaa kikavu, kikafunikwa mfuko, na ombwe likaivuta resini ipite katikati ya nyuzi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapo mashindano ni kati ya mwendo wa resini na kuganda kwake, na mirija ya kuingizia ikipangwa vibaya hubaki kisiwa kikavu katikati. Katika magari, kitambaa kikavu huwekwa ndani ya kalibu ya chuma yenye pande mbili na resini husukumwa kwa nguvu nyingi. BMW i3 ya mwaka 2013 ilijengwa kwa njia hii, kwa resini zinazoiva kwa dakika chache badala ya saa.

Mitungi ya gesi na mabomba hutengenezwa kwa kuzungusha nyuzi zilizoloweshwa resini juu ya pipa linalogeuka. Bomba linalobeba mgandamizo wa ndani huzungushiwa nyuzi kwa pembe ya karibu digrii 55, kwa sababu ukuta wake huvutwa mara mbili zaidi kwa mzunguko kuliko kwa urefu, na pembe hiyo ndiyo inayozilinganisha nguvu hizo mbili. Fito ndefu za umbo moja, zikiwamo zile za ndani ya mapanga ya mitambo ya upepo, huvutwa mfululizo kupitia kalibu yenye moto, zikiingia zimelowa na kutoka zimeiva.

Kupoa na kukagua

Kifaa kilichoiva kwenye sentigredi 180 lazima kirudi kwenye joto la chumba, na safari hiyo ya kurudi huacha alama. Uzi wa kaboni una tabia ya ajabu: ukipoa hausinyai kwa urefu wake, hata hurefuka kwa kiasi kidogo mno. Epoksi inasinyaa, tena sana. Ndani ya kila tabaka resini huvutana na uzi, na mvutano huo haumaliziki. Katika bamba la bapa lenye ulinganifu, nguvu hizo husawazishana. Katika pembe hazisawazishani, kwa kuwa unene wa kifaa husinyaa kuliko urefu wake, na pembe iliyoumbwa digrii 90 hutoka ikiwa imefunga kwa digrii 1 au 2. Mtengenezaji mwenye ujuzi huichonga kalibu ikiwa wazi zaidi kwa kiasi hichohicho, ili kifaa kijifunge hadi kipimo sahihi.

Kalibu nayo hutanuka na kusinyaa. Kalibu ya alumini hutanuka mno inapopashwa moto, hivyo kifaa huganda juu ya umbo kubwa kuliko lile lililochorwa, na ikipoa inaweza kukibana au kukivuta. Kwa vifaa vikubwa vya ndege hutumiwa invari, mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao hutanuka kidogo mno. Ni nzito, ni ghali, na huchelewa kupata moto, lakini vipimo vyake havihami. Kalibu nyingine hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni zenyewe.

Kifaa kikishatoka, kasoro zake ziko ndani, mahali jicho halifiki. Mawimbi ya sauti yenye masafa makubwa hupitishwa katika unene wake. Penye viputo au tabaka lililobanduka, mwangwi hubadilika. Umuhimu wa hatua hii ulionekana kwa uchungu katika nyambizi ndogo ya Titan, iliyosagika Juni 18, 2023, ikiwa njiani kuelekea mabaki ya Titanic, na watu wote 5 waliokuwamo wakafa. Mwili wake ulikuwa mviringo wa nyuzi za kaboni wenye unene wa takriban milimita 127, uliojengwa kwa mikupuo mitano, kila mmoja ukiivishwa kabla ya kufuata mwingine. Mikunjo iliyojitokeza juu ya mkupuo mmoja ilisagwa ili kusawazisha uso kabla ya kuendelea, jambo linalomaanisha kukata nyuzi. Wachunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani walikuta katika mabaki mikunjo, viputo na mapengo. Na mzigo uliokuwa ukiubana mwili ule chini ya bahari ulikuwa ni mbano, aina ileile ya mzigo ambayo uzi uliopinda huistahimili vibaya kuliko zote.

Kwa upande mwingine kuna gari la McLaren MP4/1 la mwaka 1981, la kwanza katika Formula 1 kuwa na mwili wa nyuzi za kaboni. Vipande vyake viliivishwa Marekani na kampuni ya Hercules, iliyokuwa ikitengeneza sehemu za roketi, kwa kuwa walikuwa na ujuzi ambao karakana za magari hazikuwa nao wakati huo. Mwaka huohuo dereva John Watson aligonga kizuizi cha kando ya njia vibaya huko Monza, Italia, injini ikang'oka, naye akatoka kwenye gari kwa miguu yake.

Mawimbi ya sauti huonyesha mapengo, lakini hayawezi kusema kama resini imekomaa vya kutosha. Kwa hilo, viwanda vya ndege huivisha kibamba kidogo cha majaribio pamoja na kifaa, ndani ya mtungi uleule, kwa robota lilelile la pripregi na kwa dakika zilezile. Kibamba hicho hukatwa vipande. Kimoja huvunjwa kwenye mashine, kingine hupashwa moto mpaka kilegee ili kujua kiwango chake, kingine husuguliwa na kutazamwa kwa darubini kuhesabu viputo. Matokeo hayo, pamoja na chati ya joto na mgandamizo ya kila dakika ya kuiva, huambatanishwa na namba ya kifaa na kuhifadhiwa maadamu ndege inaendelea kuruka. Cheti ambacho fundi wa alumini alikipokea pamoja na bamba lake, hapa huandikwa mwishoni, na huandikwa na yule aliyekiunda kifaa.